Msimu Mzima kwa Wikendi Moja

Kocha wa mpira wa vikapu katika shule au chuo cha kaunti ya Kajiado hufanya kazi ya mwaka mzima ili ipimwe kwa siku tatu, nne zikizidi. Mazoezi ya alfajiri kabla ya kengele, mechi za kirafiki za Jumamosi, kijana mrefu aliyebembelezwa asikimbilie soka, yote hayo hupelekwa kwenye mashindano ya mtoano, na timu ikiteleza mara moja hufungasha virago. Malalamiko yanayofuata yanajulikana: hawa tuliwafunga mara mbili mwezi uliopita, leo wametutoa kwa pointi moja. Jibu la waandaaji nalo halibadiliki: bingwa ni yule anayeshinda siku yenyewe.

Kwa maoni yangu pande hizi mbili zinazozana kando ya jambo lenyewe. Mtoano hauna kosa kwa kuwa mtoano. Huwa wa haki au wa dhuluma kutegemea mambo mawili: kama kulikuwa na msimu wa maana kabla yake, na kama timu nzuri iliyoteleza ina mlango mwingine wa kuingilia. Wamarekani, ambao vyuo vyao viliukuza mtindo huu hadi Machi yao ikawa kama sikukuu, walichukua miongo kadhaa kulitambua hilo. Huku kwetu mtoano tunao. Msimu na mlango wa pili ndivyo vinavyokosekana.

Tuanze na kijana wa Dar es Salaam. Usiku wa Machi 12, 2009, Hasheem Thabeet alikuwa nguzo ya Chuo Kikuu cha Connecticut katika robo fainali ya konferensi (kundi la vyuo) ya Big East, ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Wapinzani walikuwa Syracuse. Dakika arubaini za kawaida ziliisha kwa sare. Muda wa ziada wa kwanza, sare. Wa pili, sare. Waliendelea hivyo hadi muda wa ziada wa sita, wachezaji wanane wakiwa wametolewa kwa faulo, na ilikuwa imepita saa saba usiku Syracuse walipoondoka na ushindi wa 127 kwa 117. Mechi hiyo bado inasimuliwa.

Lakini waulize Connecticut walipoteza nini usiku ule. Karibu hakuna. Siku chache baadaye kamati ya mashindano ya taifa iliwapanga katika daraja la kwanza la kanda yao, wakasonga hadi nne bora mjini Detroit, na ni Michigan State waliokuja kuwatoa. Juni hiyo Thabeet akachukuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Kushindwa kwa muda wa ziada sita kulikuwa tamasha la kukumbukwa, wala hakukumfungia mtu mlango.

Sasa linganisha na Vermont, Machi 2018. Vermont walikuwa wamecheza mechi 16 za konferensi yao ndogo ya America East wakapoteza moja tu. Fainali ilichezwa nyumbani kwao, dhidi ya chuo cha UMBC kutoka Maryland ambacho walikuwa wamekifunga mara 23 mfululizo. Mechi ikiwa imebakisha chini ya sekunde moja, Jairus Lyles wa UMBC alirusha wa pointi tatu, ukaingia, ikawa 65 kwa 62. Hapo ndoto ya Vermont ya kucheza mashindano makubwa mwaka huo ikakatika. Cha ajabu, UMBC hao hao walikwenda siku chache baadaye wakawachapa Virginia 74 kwa 54, mara ya kwanza katika mashindano ya wanaume kwa timu ya daraja la kumi na sita kuing'oa ya daraja la kwanza. Anayetaka kutetea mtoano ana ushahidi wake hapo, na anayetaka kuulaani anao pia, katika wiki moja na timu moja.

Tofauti ya Connecticut na Vermont haikuwa kiwango cha mchezo peke yake. Ilikuwa muundo. Vyuo vya Marekani vimejipanga katika makundi yanayoitwa konferensi, na ndani ya kila kundi timu hukutana zenyewe kwa zenyewe mechi kati ya 14 na 20 hivi kabla ya Machi kuingia. Baada ya hapo hukusanyika kwa siku chache za mtoano. Bingwa wa mtoano wa kila konferensi hupata tikiti ya moja kwa moja kwenda mashindano ya taifa ya NCAA, ambayo kwa wanaume yamekuwa na timu 68 tangu 2011. Tikiti hizo za moja kwa moja hazifiki nusu. Nafasi zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, hutolewa na kamati inayokaa na kupima msimu mzima: ulimfunga nani, wapi, mara ngapi. Chuo kutoka konferensi kubwa kinaweza kupita mlango huo wa kamati hata kikipigwa siku ya kwanza ya mtoano. Chuo kutoka konferensi ndogo, kamati hukifungulia mara chache.

Mlango huo wa kamati haukuwapo tangu mwanzo. Mtoano wa konferensi ulianza mapema miaka ya 1920 katika Southern Conference, na ule wa Atlantic Coast Conference, maarufu kama ACC, ulianza 1954. Kwa miaka ishirini ACC ilituma timu moja tu kwenye mashindano ya taifa, bingwa wa mtoano. Mwaka 1974 mjini Greensboro, North Carolina State waliwafunga Maryland 103 kwa 100 katika fainali iliyokwenda muda wa ziada. Zote mbili zilikuwa miongoni mwa timu bora za nchi nzima. Mshindi akaenda akawatoa UCLA, waliokuwa wametwaa mataji saba mfululizo, akachukua ubingwa wa taifa. Maryland walibaki nyumbani. Mwaka uliofuata NCAA ilipanua mashindano kutoka timu 25 hadi 32 na kuruhusu konferensi moja itoe zaidi ya timu moja. Mfumo ulirekebishwa baada ya watu kuona kwa macho yao timu ya pili kwa ubora ikifungiwa nje kwa sababu jirani yake alikuwa wa kwanza.

Konferensi ndogo zilijitafutia kinga zao wenyewe. Patriot League huchezea kila mechi ya mtoano nyumbani kwa timu iliyomaliza juu zaidi msimuni. West Coast Conference huwapeleka wa kwanza na wa pili moja kwa moja hadi nusu fainali, wengine wamenyukane kwanza. Ivy League, yenye vyuo vya zamani na vyenye majivuno yake, ilikataa mtoano kabisa hadi 2017, ikimpa tikiti bingwa wa msimu; ilipokubali, ilialika timu nne tu. Na kuanzia 2006, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, bingwa wa msimu aliyeangushwa kwenye mtoano alihakikishiwa nafasi katika mashindano ya pili kwa hadhi, NIT, ambako Vermont waliishia 2018. Kifuta machozi, lakini kilikuwapo.

Nimekawia kwenye mfano wa Marekani kwa sababu ndiko vijana wetu wanakotazama. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, alitwaa taji la ACC na Duke Machi 2025. Madina Okot alitoka Chuo Kikuu cha Zetech na timu ya taifa ya Kenya akaenda Mississippi State, kisha South Carolina, vyuo vya konferensi ya SEC ambayo mtoano wake wa wanawake hufanyika Greenville mbele ya ukumbi uliojaa. Msichana anayecheza leo katika shule ya Kitengela anazijua picha hizo kutoka kwenye simu. Asichokijua, pengine na kocha wake pia, ni kwamba mashindano anayoyaona yamezungukwa na kinga nyingi ambazo mashindano yake mwenyewe hayana hata moja.

Turudi nyumbani. Kajiado ni kaunti kubwa, yenye zaidi ya watu milioni 1.1 kwa sensa ya 2019, lakini watu hao wamejazana upande mmoja. Ongata Rongai ilikuwa na zaidi ya 170,000, Kitengela zaidi ya 150,000, Ngong zaidi ya 100,000. Yote ni miji iliyovimba kwa sababu ya Nairobi, iliyojaa watu wanaofanya kazi jijini na kulala Kajiado. (Rongai inaitwa daispora kwa utani, na anayesafiri Barabara ya Magadi saa kumi na mbili jioni haoni utani wowote.) Ukishuka Barabara ya Namanga kupita Isinya, Kajiado mjini na Bissil, nyumba hupungua na ng'ombe huongezeka. Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ni safari ya siku nzima kwa basi la shule.

Katika michezo ya shule za sekondari, kaunti hii iko Bonde la Ufa. Ngazi inapanda hivi: kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa, na hatimaye mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSSA. Mikoa hiyo ni minane, iliyorithiwa kutoka utawala wa zamani, na hapo ndipo hesabu inapokwenda mrama. Bonde la Ufa lina kaunti 14. Mashariki ina nane, Pwani na Nyanza sita sita, Kati tano, Magharibi nne, Kaskazini Mashariki tatu. Nairobi ni kaunti moja na ni mkoa mmoja. Shule ya Kitengela, umbali wa kilomita thelathini hivi kutoka katikati ya jiji, haishindani na shule za South B au Embakasi ambazo wanafunzi wake wanazijua. Inapaswa kuishinda kaunti yake, kisha iende Nakuru au Eldoret ikutane na Uasin Gishu, Kericho, Turkana na wengine. Bingwa wa kaunti kumi na nne na bingwa wa kaunti moja wanafika taifa wakiwa na tikiti sawa.

Laiser Hill Academy ya Ongata Rongai imewahi kutwaa ubingwa wa taifa wa wavulana ikibeba jina la Bonde la Ufa, ilhali kutoka lango lake matatu moja inakufikisha Lang'ata. Hongera zao, na hakuna anayepaswa kuwalaumu kwa kuwa bora. Lakini tazama maana yake kwa wengine. Shule iliyo ya pili katika kaunti yenye jabari kama hilo inaweza kuwa ya pili au ya tatu katika mkoa mzima, isijulikane kamwe, kwa sababu kwa kawaida kaunti hutuma bingwa wake na kufunga mlango. Ni yale yale ya Maryland mwaka 1974. Tofauti ni kwamba Maryland ilikuwa na magazeti ya kuipigia kelele. Shule ya pili ya Kajiado ina kocha, wazazi wachache na kundi la WhatsApp.

Kwa vyuo vikuu mambo ni tofauti kidogo. Chama cha michezo cha vyuo vikuu nchini, KUSA, huendesha ligi za kanda kisha mechi za mchujo za kitaifa, mpango unaokaribiana zaidi na konferensi za Marekani. Africa Nazarene iko nje kidogo ya Rongai tangu 1994. Daystar iko Athi River, ambayo kwenye ramani ni Machakos ingawa kwa miguu na matatu ni mwendo mfupi kutoka Kitengela. Umma iko Kajiado. Juu ya hayo, chuo chenye timu nzuri kinaweza kuingia ligi za Shirikisho la Mpira wa Vikapu, KBF, na kukutana na watu wazima: klabu za Bandari, Ulinzi, Equity. Strathmore, USIU na Zetech zote zimepita njia hiyo. Ligi hiyo ina msimu wa kweli, na mchujo wake huamuliwa kwa mfululizo wa mechi, kwa mfano mshindi wa mechi tatu kati ya tano, badala ya mchezo mmoja.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Zetech kama Okot alikuwa na milango miwili: mashindano ya vyuo na ligi ya taifa. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi Kajiado mjini ana mmoja, na huo mmoja hufunguka wikendi moja kwa mwaka.

Hapa hesabu kidogo inasaidia, na haihitaji kikokotoo cha kisasa. Chukua timu bora kweli, ambayo ikikutana na yeyote katika kanda yake hushinda mara tatu kati ya nne. Kwa mchezo mmoja, uwezekano wake ni asilimia 75. Iambie ishinde michezo mitatu mfululizo ya mtoano, kuanzia robo fainali: uwezekano unashuka hadi asilimia 42. Iongezee mchezo wa nne, unabaki asilimia 32. Yaani timu iliyo bora bila ubishi itakosa taji mara nyingi zaidi ya itakavyolipata. Sasa badilisha fainali peke yake iwe mshindi wa mechi mbili kati ya tatu: katika mfululizo huo timu ile ile ina asilimia 84. Mechi tatu kati ya tano, asilimia 90. Nne kati ya saba, asilimia 93. Anayesema bingwa ni anayeshinda siku yenyewe anapaswa kukubali kwamba siku yenyewe ina kelele nyingi kuliko taarifa.

Na hesabu hiyo imedhani kila mchezo unachezwa katika hali moja. Wanaojua mashindano ya viwanja vya wazi wanajua haiko hivyo. Tazama robo ya nne ya mechi ya pili ya siku, alasiri, kwenye uwanja wa saruji kando ya tambarare za Kaputiei. Karatasi ya timu ina majina kumi na mawili, wanaocheza kweli ni saba. Upepo wa saa kumi unavuka nyika bila kizuizi na kuusukuma mpira wa mbali kando ya ringi, kwa hiyo timu inayoishi kwa pointi tatu imeshakufa nusu. Ringi moja iko upande wa magharibi. Anayeshambulia kipindi cha pili kuelekea huko anarusha huku jua likimchoma machoni. Meza ya karani ni dawati la darasa, saa ni simu ya mwalimu, faulo zinahesabiwa kwa kalamu, na ikifika faulo ya nne ya timu ubishi huanza kama ni ya nne au ya tano, maana kuanzia ya tano mpinzani anapewa mitupo huru. Nyota wa timu alicheza dakika zote arubaini asubuhi. Sasa anaruka nusu ya alivyoruka saa tatu, na beki anayemkaba, ambaye timu yake ilipumzika tangu jana, anampiga kikumbo bila jasho.

Hiyo ndiyo sehemu ya mtoano isiyoonekana kwenye matokeo: ratiba. Timu iliyopangiwa mechi ya kwanza ya asubuhi na nyingine ya mwisho ya jioni si sawa na iliyopangiwa mbili zilizokaribiana. Wenyeji hulala vitandani mwao na kula chakula chao, wageni hulala kwenye magodoro madarasani na kupanga foleni ya maji ya kuoga. Mvua za Machi na Aprili zikinyesha, saruji huteleza, mechi hupangwa upya, na timu iliyokuwa na siku ya kupumzika inaipoteza. Hakuna mtu aliyekusudia kumdhulumu mwingine. Ila bahati inazidi kujazwa ndani ya siku chache hizo, na siku chache hazitoshi kuibeba.

Basi kwa nini tusiutupe mtoano tukacheze ligi? Kwa sababu ya basi. Wapenzi wa ligi ya nyumbani na ugenini husahau kwamba kila mechi ya ugenini ni mafuta, dereva, chakula cha watu kumi na watano na barua ya ruhusa. Mashindano ya siku tatu mahali pamoja yanatumia safari moja. Kwa timu za wasichana, ambazo katika taasisi nyingi hupata masalio ya bajeti baada ya soka na raga ya wavulana, safari moja ndiyo zote zilizopo. Mtoano pia huleta watu. Mechi ya kawaida ya ligi Jumatano saa tisa ina watazamaji ishirini na mbwa mmoja. Nusu fainali ina ngoma, vuvuzela na wauza miwa. Kuna makocha wa klabu wanaohudhuria kutafuta vipaji, na wanahudhuria kwa sababu timu zote ziko pamoja. Ukiuondoa mtoano, unaondoa siku pekee ambayo kijana wa Isinya anaonekana na mtu asiye mwalimu wake.

Kuna pia kalenda. Konferensi ya Marekani inaweza kuwa na mechi 18 kwa sababu kalenda za vyuo vyake hukaribiana. Kwetu vyuo vya umma vinakwenda kwa semesta, vingi vya binafsi kwa mihula mitatu, na wakati chuo kimoja kiko katikati ya masomo kingine kiko kwenye mitihani na cha tatu kimefunga. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma mwaka 2025 ulidumu takriban wiki saba, na timu isiyo na wanafunzi chuoni haina mazoezi. Ratiba ya ligi ikivunjika mara tatu, waandaaji hufanya linalowezekana: wanakusanya timu wikendi moja na kuita hiyo msimu. Sitawacheka. Lakini tukubali kwamba mtoano wa Marekani huja baada ya mechi kumi na nne au zaidi ambazo zimeshasema nani ni nani, na wetu mara nyingi huja baada ya mechi mbili za kirafiki.

Ndiyo maana nadhani jibu halipatikani Nairobi wala Nakuru, linapatikana kwenye umbali. Chukua kalamu uchore mpira wa vikapu wa eneo hili kwa barabara badala ya mipaka. Rongai, Kiserian, kisha barabara ya Kiserian hadi Isinya. Isinya kushuka Kajiado mjini au kupanda Kitengela. Kitengela hadi Athi River. Hakuna kituo kati ya hivyo kisichofikika na kurudika siku moja. Ndani ya mduara huo mna vyuo vikuu, vyuo vya ufundi na shule nyingi zenye ringi. Zikicheza ligi fupi ya mzunguko mmoja, timu sita ni mechi tano kwa kila moja, safari mbili au tatu tu za ugenini, zote za siku moja bila godoro la darasani. Mechi tano si nyingi, lakini zinatosha kumjua wa kwanza na wa sita.

Mpaka wa Machakos na Kajiado utaingilia, na watu wa ofisini watauliza Athi River inatafuta nini humo. Ningewajibu kwa mfano wa upande wa pili: tangu 2024 Stanford na California, vyuo vilivyo kando ya Bahari ya Pasifiki, vinacheza katika konferensi yenye jina la pwani ya Atlantiki, na sababu ni fedha za televisheni. Wamarekani wamevunja jiografia yao kwa ajili ya pesa na sasa wanafunzi wao wanavuka bara zima kwa ndege kwenda kucheza mechi ya katikati ya wiki. Sisi tungevunja mpaka wa kaunti kwa ajili ya kupunguza mafuta. Hilo ni dogo mno kulinganisha.

Ligi hiyo ikiwapo, mtoano unapata kazi yake halisi. Wa kwanza na wa pili wangoje nusu fainali, kama wafanyavyo West Coast. Hilo peke yake linampunguzia bingwa wa msimu mchezo mmoja wa bahati nasibu, na katika hesabu yetu ya juu linamtoa asilimia 42 hadi 56. Nusu fainali zichezwe kwa aliye juu, ili mechi ya Jumatano saa tisa nayo iwe na sababu ya kushindaniwa. Kwa upande wa shule, mkoa wenye kaunti kumi na nne ungeweza kukubali washindi wa pili wawili au watatu waliofanya vyema zaidi, hata kama ni kwa kucheza mechi ya awali siku moja kabla ya wengine kufika. Wako watakaosema hilo linapunguza heshima ya ubingwa wa kaunti. ACC iliishi na tikiti moja kwa miaka ishirini, na ubingwa wake haujapoteza mvuto tangu ilipoanza kutuma timu mbili, tatu, hata tisa.

Ninachotilia shaka zaidi ni viwanja. Kumbi za ndani zenye hadhi ziko Nairobi, kama ule wa Nyayo na ule wa Kasarani ulioandaa AfroBasket ya 1993, Kenya ilipomaliza ya nne. Kitengela, mji wenye watu zaidi ya laki moja na nusu, ringi zake nyingi ziko ndani ya kuta za shule, vyuo na makanisa, na Jumamosi geti hufungwa. Mlinzi ana maagizo yake. Ligi ya eneo itasimama au itaanguka hapo kabla haijafika kwenye kanuni za mtoano, kwa hiyo makubaliano ya kwanza yawe ya wakuu wa taasisi kuhusu nani anafungua geti lini, na nani anarekebisha ringi iliyoinama.

Fainali ningeifanya ya mechi tatu, wa kwanza nyumbani kwa aliye juu, wa pili kwa mwenzake, wa tatu ukihitajika kurudi kwa aliye juu. Mchezo huo wa tatu unagharimu waamuzi wawili, karani wa meza, chupa za maji na basi moja lenye mafuta ya kutoka Rongai hadi Kitengela na kurudi. Taasisi sita zikichangiana, kila moja huenda ikalipa chini ya inachotumia sasa kulaza timu yake siku tatu madarasani.